Kabla ya Kuuliza Bei ya Betri, Uliza Imekufa kwa Nini

Ndugu zangu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: betri ya haibridi, gari linalotumia petroli na umeme, bei gani? Mimi sijibu. Nauliza kwanza, hiyo iliyopo imekufa kwa nini? Mtu akinyamaza, najua huyo atalipa mara mbili.

Kuna gari moja nitalisimulia tena, waliokwisha kusikia wanivumilie. Toyota Prius, haibridi ya kizazi cha pili. Mwenyewe alikuwa amebadilishiwa betri nzima, mpya, na haukupita mwaka taa ikawaka tena, namba ileile ya hitilafu: P0A80. Alifika kwangu amekasirika, na alikuwa na haki. Sikuigusa betri. Nilikwenda pembeni ya siti ya nyuma, penye tundu la hewa, maana betri ile hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia hapo. Koti la mtoto lilikuwa limelundikwa juu yake. Nikachomoa feni. Mapanga yake yalikuwa yameganda vumbi na nyuzi za nguo, nikalibandua kwa ukucha, likatoka zima kama kipande cha blanketi. Feni inazunguka, kelele unazisikia, hewa haipiti! Waliofunga betri mpya walimrudishia feni ile ile na uchafu wake. Yaani betri ya pili ilianza kuokwa siku iliyofungwa.

Haya, tukaifungua. Ndani mna moduli 28, yaani vipande vya betri, kila moja ina seli ndogo 6, kila seli volti 1.2, zote zimeungwa mfululizo, ndiyo unapata volti 201.6. Nikapima moja moja. Moduli moja ya katikati, ambako joto hubanwa zaidi, ilikuwa pungufu kwa volti moja na kitu: seli yake moja imekwisha. Na kwa kuwa umeme unaopita ni uleule kote, moduli dhaifu huishiwa mapema na kujaa mapema kuliko wenzake. Kompyuta ya gari ikiona tofauti hiyo inaandika P0A80, na maana rasmi ya namba hiyo ni badilisha betri. Fundi mvivu anasoma hapo anafunga kitabu. Namba haikumwambia habari ya feni, naye hakuitafuta.

Najua kuna anayesema moyoni: basi badilisha hiyo moja tu, yaishe. Hapana, hayaishi hivyo! Zile 27 zimeokwa pamoja nayo. Ukiingiza moja yenye nguvu tofauti, baada ya muda inaanguka nyingine, kisha nyingine, na kila mara unalipia kufungua na kufunga. Njia hiyo inafaa pale tu moduli zote zimepimwa zikiwa na mzigo, yaani zikitoa umeme, maana betri iliyotulia husoma volti nzuri na bado ni mbovu. Zipangwe zinazolingana, zichajiwe pamoja, vipande vya shaba vinavyoziunganisha visuguliwe kutu ya kijani. Asiyefanya hayo anakuuzia miezi michache.

Muda unanibana. Betri iliyofufuliwa, yaani kuukuu iliyotengenezwa: uliza imepimwaje, na dhamana imeandikwa wapi. Gari lisilale miezi bila kuwashwa, betri hujiishia yenyewe. Ile betri ndogo ya volti 12 ipimwe pia, ikichoka huwasha taa zinazotisha bure. Na wewe unayetaka kufungua mwenyewe nyumbani: volti 200 zinaua. Zima gari, vaa glavu za kukinga umeme, chomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa, subiri dakika 10 kabla ya kugusa waya wowote wa rangi ya chungwa. Hili sitanii.

Habari za betri za lithiamu nilizoahidi hatutazifikia leo. Aliyekuja na haibridi anipe ufunguo, tutoke nje sote tukalitazame tundu lake la hewa.