Kipande Kina Vichujio Vingapi?

Ndugu zangu, nitauliza tena nililouliza kila tulipokutana: kipande cha biopsi ya figo, ile nyama inayochotwa kwa sindano, kina vichujio vingapi? Ripoti isiyotaja idadi ya glomeruli, yaani vichujio hivyo vya damu, irudisheni.

Tupige hesabu. Chukueni glomerulosklerosisi, yaani ugonjwa wa makovu ya hapa na pale kwenye vichujio, imeumiza kichujio kimoja katika kila kumi. Ukichota vichujio 10, uwezekano wa kukosa vyote vilivyoumia ni kama asilimia 35. Ukichota 20, ni asilimia 12. Mgonjwa anaandikiwa "mabadiliko madogo", ugonjwa ambao vichujio huonekana vizima kwa darubini ya kawaida, na kumbe makovu yapo, sindano haikuyafikia. Tena makovu hayo hupenda kuanzia ndani, gamba la figo linapopakana na medula, sehemu yake ya ndani. Kipande cha gamba la juu peke yake kinayaacha. Na kwa kuwa kovu hushika upande mmoja tu wa kichujio, maabara ikate matabaka mengi, ya mikromita 2 hadi 3. Tabaka moja halitoshi!

Mtaniambia: mbona mtoto aliyevimba kwa kuvuja protini kwenye mkojo hupewa predinisoloni bila kuchomwa sindano? Ni kweli, kwa mtoto mabadiliko madogo ndiyo yanayoongoza, na wengi wao huitikia dawa. Mtu mzima ni habari nyingine. Protini ile ile kwenye mkojo wake yaweza kuwa ugonjwa wa membrano (utando wa kichujio kunenepa), lupasi (kinga kuushambulia mwili wenyewe) au amiloidi (protini mbovu kujazana).

Sasa pale kitandani. Kipande kikitoka, usikibane kwa kibanio, usikilaze juu ya chachi kavu. Kitaminyika na kukauka. Kiweke kwenye tone la maji ya chumvi, ukitazame kwa lenzi. Gamba lina vinukta vyekundu, hivyo ndivyo vichujio. Medula ina mistari tu. Huna lenzi? Kata milimita 1 kila ncha, utie kwenye glutaraldehidi kwa darubini ya elektroni. Kipande kimoja kiende kwenye formalini, kingine kwenye maji ya Michel kwa imunofloresensi, kipimo kinachong'arisha kingamwili zilizokwama kwenye vichujio. Kutumbukiza vyote kwenye formalini, kosa ninaloliona mno, ni kuinyima imunofloresensi ya kawaida kipande chake. Ugonjwa wa IgA, kingamwili ya aina hiyo kukwama kwenye vichujio, alioueleza Berger mwaka 1968, utauthibitishaje hapo?

Muda unanikimbia, lupasi na madaraja yake naiacha. Ila hilali, zile seli zinazojazana ndani ya kichujio kwa umbo la mwezi mwandamo, siwezi kuziruka. Kwa darubini ya kawaida zote zinafanana. Imunofloresensi ndiyo inayozitenganisha: IgG iliyojipanga kama mstari laini ni kingamwili dhidi ya utando wa kichujio, chembechembe ni lupasi, IgA au baada ya maambukizi, pasipo kitu, au kidogo mno, fikiria vaskulaitisi ya ANCA, uvimbe wa mishipa midogo ya damu unaoendana na kingamwili ziitwazo ANCA. Ukiona ule mstari laini, mpigie daktari simu saa hiyo hiyo, ripoti ichapwe baadaye, kwa sababu mgonjwa huyo huenda akahitaji kubadilishiwa plazima, yaani majimaji ya damu, kabla vichujio vilivyobaki havijafungwa.