Jinsi ya Kupima Mizani na Vina vya Shairi la Malisho

Ndugu mtazamaji, chukua kalamu na karatasi. Ubeti wa tarbia, yaani wa mistari (mishororo) minne, unaouona kwenye skrini nimeutunga kwa ajili ya somo hili, nasi tutaupima silabi kwa silabi.

Umande upo nyasini, jua linapochomoka,
Ng'ombe washuka bondeni, kengele zinasikika,
Mchunga 'meketi chini, ndama wakirukaruka,
Raha iko milimani, asubuhi ikifika.

Anza na umbo la nje. Mishororo ni minne, na koma imeugawa kila mmoja vipande viwili: cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao.

Sasa tamka ukwapi wa kwanza polepole huku ukipiga kofi kwa kila silabi: u-ma-nde-u-po-nya-si-ni. Umepata nane. Utao wake nao ni nane, kwa hiyo mshororo una mizani 16, yaani silabi 16. Wengi huteleza kwenye mshororo wa tatu, ambapo "m" ya "mchunga" husimama peke yake na kuhesabiwa mizani moja, ilhali "n" ya "ndama" huegemea "d" na haihesabiwi. Angalia pia "'meketi": nimeidondosha "a" ya mwanzo kwa sababu "ameketi" ingezidisha mizani kufikia tisa, na ufupisho huo huitwa inkisari.

Kisha pigia mstari silabi ya mwisho ya kila kipande. Utaona "ni" katikati na "ka" mwishoni: silabi hizo zinazofanana ndizo vina. Usikimbilie kuandika kwamba shairi ni mtiririko, maana ubeti mmoja hauthibitishi hilo: vina vyote vikidumu hadi ubeti wa mwisho ni mtiririko, vya kati vikibadilika na vya mwisho vikabaki ni ukara, na vyote vikibadilika ni ukaraguni. Mshororo wa nne nao ni kibwagizo iwapo tu unarudiwa katika kila ubeti. Usiporudiwa, ni kimalizio.

Wanafunzi wengi huweka kalamu chini hapa, nami naona wanaiacha sehemu tamu zaidi. Soma vina vya kati kutoka juu kwenda chini: nyasini, bondeni, chini, milimani. Soma na vya mwisho: linapochomoka, zinasikika, wakirukaruka, ikifika. Kila ukwapi unaishia mahali na kila utao unaishia tendo, hivyo pumzi ya kwenye koma humwacha msomaji amesimama malishoni kabla hajasikia kinachotokea hapo. Liandike hilo katika uchambuzi wako, ukitoa maneno hayo manane kuwa ushahidi, kwa kuwa hesabu ya mizani peke yake haielezi kwa nini umbo hili linayafaa malisho.