Kuvaa Hewa: Fisi Maji wa Bahari na Kangaga Linaloelea

Mabibi na mabwana, kichwa cha mhadhara huu kiliposomwa nimesikia watu wakicheka. Mnyama anyonyeshaye na kangaga, wapi na wapi? Basi tuanzie kwenye maji ya baridi.

Fisi maji wa bahari huishi kaskazini mwa Pasifiki bila lile tabaka nene la mafuta linalowakinga nyangumi na sili. Kinga yake ni manyoya. Katika sentimita moja ya mraba ana nywele zaidi ya 100,000, na hizo ndizo takriban za kichwa kizima cha binadamu. Zimesongamana hata maji hayaifikii ngozi, na katikati yake imenaswa hewa. Hiyo hewa ndiyo blanketi. Mtoto wake mchanga amejaa hewa manyoyani hata akitaka kuzama hawezi. Mama akienda kuwinda humwacha juu ya maji, anaelea kama kizibo.

Sasa salvinia. Ni kangaga dogo lisilo na mizizi halisi. Kinachoning'inia chini, mkiamini msiamini, ni jani. Uso wa juu wa Salvinia molesta umeota vinyweleo, na kila kimoja kina matawi manne yanayokutana nchani, mfano wa kipigio cha mayai. Vimepakwa nta inayoyakataa maji. Ila ncha yenyewe, na hapa ndipo ninapopapenda mno, haina nta: inayashika maji. Ungedhani ni kasoro. Kumbe zile ncha huushikilia uso wa maji pale pale juu, usishuke chini, wala hewa isichopoke. Jani likizamishwa laweza kukaa na koti lake la hewa wiki kadhaa.

Fisi maji hana raha hiyo. Hujisugua, hujilamba, hupuliza hewa manyoyani saa nyingi za siku, na bado hula kama robo ya uzito wake kila siku ili joto lisimwishie. Jani halihangaiki, zile ncha ni seli zilizokwisha kufa.

Mafuta ndiyo yanayowatenganisha kabisa. Mwaka 1989, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta ghafi kule Alaska, fisi maji wengi walikufa: manyoya yaligandamana, hewa ikatoka, baridi ikaingia. Mafuta hayo hayo yakiligusa jani la salvinia, vinyweleo huyafyonza upesi na kuyaacha maji, ndiyo maana watafiti wanaviiga ili kutengeneza vitambaa vya kusafishia bahari.