AutoWorld ya Flint: Mgeni wa Mara ya Pili Alikuwa Nani?

Mabibi na mabwana, tuanze na hesabu, maana AutoWorld, bustani ya burudani ya ndani iliyohusu magari, ilianguka kwenye karatasi kabla tingatinga halijaigusa. Walioipanga walitarajia watu 900,000 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365: karibu 2,470 kila siku, siku za theluji zikiwemo. Sensa ya 1980 ilihesabu wakazi wapatao 160,000 mjini Flint, Michigan. Kwa hiyo ama kila mkazi, kuanzia mtoto wa mgongoni hadi ajuza, aingie mara tano na ushei kwa mwaka, ama wageni wafunge safari kutoka mbali. Na mtu wa Detroit, aliye kilomita 100 na kitu kutoka hapo, alikuwa na makumbusho ya Henry Ford pale Dearborn, mlangoni pake.

Flint ndiko kampuni ya magari ya General Motors ilikozaliwa mwaka 1908. Mwishoni mwa miaka ya 1970 iliajiri watu kama 80,000 mjini na kandokando. Miaka ya 1980 ilipoingia, viwanda vikawa vinapunguza watu. Dawa iliyochaguliwa ikawa utalii. Zilitumika takriban dola milioni 80, baadhi kutoka Mfuko wa Mott, shirika la hisani la mjini humo, nyingine za umma. Six Flags, kampuni ya bustani za michezo, wakapewa uendeshaji, milango ikafunguliwa Julai 4, 1984.

Ndani, chini ya kuba, kulikuwa na mfano wa injini ya silinda sita wenye kimo cha ghorofa tatu, mitaa ya Flint ya kale ya kuigiza, sinema ya skrini kubwa, na safari ya vigari vya taratibu iliyosimulia historia ya gari kwa vichekesho. Kulikuwa pia na sanamu ya fundi wa kiwandani ikiiimbia roboti wimbo wa urafiki, roboti ileile iliyokuja kushika kazi yake. Katika mji wenye foleni za wasio na ajira! Sijui nani alidhani hilo litachekesha.

Sasa tazameni ubovu wenyewe ulipo. Kigari kinachoporomoka kwa kasi relini humtetemesha mtu hata mara ya kumi. Akishuka anarudi kwenye foleni. Masimulizi yenye sanamu humwishia mtu utamu mara moja, kwani kichekesho ni kilekile na kona ni zilezile. Makumbusho huvumilia hali hiyo kwa sababu yana vitu halisi na kiingilio chao hakibebi gharama zote. AutoWorld ilitoza kama bustani ya michezo, ikatoa maonyesho. Tena kuwaonyesha injini watu walioziunga kwa mikono yao zamu nzima ni kumuuzia mvuvi picha ya samaki.

Kuba nalo lina deni lake. Lilijengwa ili baridi isizuie biashara, lakini lazima lipashwe joto na kuwashwa taa, wawe wameingia watu 3,000 au 30. Mapato yakishuka, gharama hiyo haishuki nayo. Kipupwe cha kwanza tu kilitosha: Januari 1985 milango ikafungwa, ikafunguliwa tena kwa vipindi vifupi bila kupona.

Jengo lilibomolewa Februari 1997. Kiwanja kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Michigan-Flint, ambacho wanafunzi wake, tofauti na watalii, hurudi kila Jumatatu.