Bata Chotara Bwawani: Anza na Mdomo na Miguu

SALMA: Karibuni kipindini. Leo tunazungumzia wale bata wa mabwawa ya bustani ambao ukipekua kitabu cha ndege chote huwaoni. Kichwa kijani nusu, kifua cheupe, mwili mzito. Hamisi, huyo tumwite chotara?

HAMISI: Mara nyingi hapana, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Bata wa kufugwa, ukimwacha maskovi, aina nyingine tutakayomfikia baadaye, wametokana na malardi, bata mwitu ambaye dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa. Bata akitoroka bandani akazaa na malardi wa mwituni, watoto bado ni wa spishi moja. Kifua cheupe kama kitambaa anachovishwa mtoto akila, tumbo linalokaribia kugusa ardhi, madoa yasiyolingana kushoto na kulia: zote ni alama za kufugwa.

SALMA: Na mkia unasemaje?

HAMISI: Mkia unasema mengi! Dume wa malardi ana manyoya machache juu ya mkia yaliyojikunja kama pete. Hata akiwa mweupe pepepe kwa sababu ya kufugwa, pete hizo huwa zipo. Ukiziona, damu ya malardi imo. Ila usipoziona usikimbilie kukata shauri, maana huanguka wakati wa kunyonyoka.

SALMA: Tukae hapo kidogo, kwa sababu kunyonyoka huzaa machotara wengi wa kudhaniwa. Msimu wa kuzaliana ukiisha, madume hupukutisha manyoya na kuvaa rangi ya kahawia kama majike. Kwa wiki 3 hadi 4 hawawezi hata kuruka. Kichwa kinakuwa na viraka vya kijani na kahawia, mtu anasema, "Huyu amechanganyika." Mtazame mdomo. Wa dume unabaki wa manjano yenye ukijani, wa jike ni wa rangi ya chungwa wenye baka la giza juu yake.

HAMISI: Na rangi ya kichwa yenyewe hubadilika na mwanga. Kijani kile kile, jua likimpiga kwa upande mwingine, utaona buluu au zambarau. Msubiri ageuke.

SALMA: Sasa chotara wa kweli.

HAMISI: Kwa bata, wa kwanza ni mtoto wa maskovi na malardi wa kufugwa. Maskovi asili yake ni Amerika, usoni ana vinyama vyekundu. Hawa wawili wako mbali kiukoo: mayai ya malardi huanguliwa kwa siku 28 hivi, ya maskovi kwa siku 35. Mtoto wao ana mwili mrefu wa maskovi, ila vinyama vya usoni ni haba au havipo kabisa. Naye ni tasa, kwa hiyo bwawani huwezi kukuta wajukuu wake.

SALMA: Malardi pia huzaa na bata wengine wa mwituni. Mwaka 1822 John James Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani, alimchora bata aliyekuja kumpa jina kama spishi mpya. Leo anajulikana kuwa chotara wa malardi na gadwali, bata mwitu mwingine. Kama mchoraji hodari vile alikosea, nasi tuwe na subira.

HAMISI: Kwa bata bukini, mimi naanza na miguu. Bukini wa Kanada ana miguu myeusi, mdomo mweusi, shingo nyeusi na shavu jeupe lenye ukingo safi. Bukini wa kijivu ana miguu ya waridi na mdomo wa chungwa. Mtoto wao hubeba vyote nusu nusu: miguu ya chungwa iliyofifia, mara nyingine yenye mabaka meusi, mdomo wa rangi mbili, shingo ya kahawia iliyokoza, na weupe wa shavu umemwagika hadi kwenye paji la uso, wenye madoadoa kama ya unga.

SALMA: Ongeza mifereji ya shingo. Manyoya ya shingo ya bukini wa kijivu yamejipanga kwa mistari ya kushuka, kama shamba lililolimwa matuta. Ya bukini wa Kanada ni laini. Kwa chotara mifereji inaweza kuonekana kwa mbali, hasa akiwa upande wa jua.

HAMISI: Ukiona nundu juu ya mdomo na mstari wa giza nyuma ya shingo, hapo kuna damu ya bukini wa China. Akizaa na bukini wa kijivu, watoto huweza kuzaa, ndiyo maana mabwawani kuna bukini wenye vinundu vya kila kipimo.

SALMA: Wanachanganyikaje, ilhali kwa kawaida kila spishi huzaa na wenzake?

HAMISI: Jike hutaga yai katika kiota cha jirani. Kifaranga huanguliwa akamshika mlezi kuwa ndiye mfano wake, na akikua humtafuta mwenzi wa sura hiyo. Au ndege mmoja anajikuta peke yake kati ya wageni.

SALMA: Kwa kurekodi, darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Piga picha ya kichwa kwa ubavu, kamera ikiwa usawa wa jicho la ndege. Kisha mkia, kisha bawa likiwa wazi. Bawa hulikunjua mara tu baada ya kuoga, kwa hiyo weka kamera kwenye picha za mfululizo. Miguu ndiyo watu husahau, nayo haionekani majini. Msubiri apande ukingoni.

HAMISI: Ukiingiza kwenye eBird, mfumo wa mtandaoni wa kurekodi ndege, kuna chaguo la bata wa kufugwa na chaguo la chotara. Usiyachanganye. Kama mzazi mmoja tu ndiye wa hakika, mwandike huyo kwenye maelezo, na upande wa pili andika "yaelekea."