Notisi Ikifutwa, Usikimbilie Kushukuru

Habari za jioni, kina mama, kina baba, nanyi vijana mliofunga maduka mapema ili mfike. Niliombwa nizungumzie notisi za faini zinazotolewa na Tume ya Ushindani na Walaji hapa Australia. Nitashika kipande kimoja tu, kufutwa kwa notisi, maana hapo ndipo naona watu wetu wanaumia bila sababu.

Tuseme unauza wigi. Umetangaza kuwa ni nywele za binadamu, kumbe ni za plastiki. Au umebandika bei ya zamani dola 120, leo 80, na hiyo 120 hujawahi kuuzia mtu. Tume ikiwa na msingi wa kuamini umepotosha wateja, ina miezi 12 tangu kitendo chenyewe kukuandikia notisi. Kwa makosa mengi ya aina hii, kampuni ambayo haiko kwenye soko la hisa hutakiwa dola 19,800 kwa kila notisi, kama kosa lilitendeka baada ya 7 Novemba 2024. Kwa mwenye duka dogo hiyo ni pesa ya kumlaza macho.

Kwetu tunasema dawa ya deni ni kulipa. Lakini notisi hii si deni, naomba mnielewe vizuri hapo. Ukilipa ndani ya siku 28, serikali haiwezi kukushtaki kwa jambo hilo, na hutahesabiwa kuwa umevunja sheria. Usipolipa, hakuna dalali atakayekuja kubeba friji lako. Ila Tume inaweza kwenda mahakamani, na huko, tangu Novemba 2022, kikomo cha juu cha adhabu kwa kampuni ni dola milioni 50 au zaidi.

Kati ya kulipa na kutolipa iko njia ya tatu: kuiandikia Tume ukiomba notisi ifutwe. Sheria ya Ushindani na Walaji ya mwaka 2010, kifungu cha 134G, inakupa haki hiyo. Na ina ulinzi ambao wengi hawaujui: utakayoyaeleza katika maombi hayo hayawezi kutumika mahakamani kama ushahidi dhidi yako, isipokuwa ukishtakiwa kwa kudanganya humo humo. Kwa hiyo eleza ukweli wote. Kama msambazaji ndiye aliyekuuzia plastiki kwa jina la nywele, ambatanisha risiti zake na ujumbe wa simu mlioandikiana.

Zile siku 28 ndizo zinazotuponza. Zinahesabiwa tangu notisi ilipotolewa, si tangu ulipofungua bahasha. Na Tume yenyewe, ikitaka kufuta, lazima ikupe barua ya kufuta ndani ya muda huo huo. Ukiandika siku ya 26, umewapa siku mbili za kusoma, kuuliza na kuamua. Mimi nasema andika wiki ya kwanza. Unaweza pia kuomba muda uongezwe, lakini huongezwa mara moja tu, na si zaidi ya siku 28.

Sasa barua imekuja: notisi imefutwa. Kama ulishalipa, Tume lazima ikurudishie pesa. Watu hufurahi, wakaitupa barua. Isome hadi mwisho! Sheria inaitaka barua hiyo ikuambie kwamba kesi inaweza kufunguliwa dhidi yako. Huandikwa hivyo hata pale Tume ilipogundua imekosea, kwa hiyo usizimie ukiiona. Lakini pia notisi inaweza kufutwa kwa sababu wameona jambo ni kubwa kuliko walivyodhani na wanataka hakimu alisikilize. Ile kinga uliyoipata kwa kulipa imeondoka pamoja na notisi. Tunza risiti, tunza barua, mtafute mwanasheria wiki hiyo hiyo.

Na kuna mtu ambaye karatasi hizi zote hazimtaji: yule dada aliyenunua wigi. Faini huenda serikalini, yeye hapati hata senti. Notisi ilipwe au ifutwe, haki yake ya kukudai iko pale pale. Mrudishie pesa yake leo, usingoje Tume ikuambie.

Mama kule nyuma, umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu uulize.