Antivairasi ya Kompyuta ya Nyumbani: Cha Kuangalia Kabla ya Kulipa

Assalaam alaykum. Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliokuja na laptopu, karibuni.

Swali linaloulizwa sana hapa Lamu ni hili: ninunue antivairasi gani, yaani programu ya kukinga kompyuta na virusi? Nitajibu kwanza, halafu tulichambue jibu. Ikiwa kompyuta yako ya nyumbani ina Windows 10 au Windows 11, usinunue kitu bado. Antivairasi unayo. Inaitwa Microsoft Defender, imekuja ndani ya Windows, na haina malipo. La kwanza ni kujua kama inafanya kazi, maana inaweza kuwa imezimwa na mwenye mashine asijue.

Huzimwa vipi? Njia kubwa ni kukraki. Mtu anataka Office au Photoshop bila kulipa. Programu ya kukrakia ikizuiwa na Defender, maelezo yake humwambia azime antivairasi kwanza. Huizima, na mara nyingine huandikisha folda nzima, hata diski C yote, katika orodha ya vitu visivyokaguliwa. Baadaye kinga huwashwa tena, alama ya kijani inaonekana, lakini ile orodha imebaki. Kirusi kikikaa humo hakiguswi. Virusi viitwavyo STOP au Djvu, vinavyofunga picha na hati zako kisha vikadai fedha, vimesambaa hasa kwa programu za kukraki. Ndiyo maana nasema bila kusitasita: huwezi kuchagua antivairasi nzuri ukaendelea kukraki. Ukihitaji kuandika barua na hesabu tu, LibreOffice ni ya bure na halali, na hufungua hati za Word na Excel.

Njia ya pili ni antivairasi ya majaribio. Laptopu mpya huja na McAfee au Norton ya muda. Windows ikiona antivairasi nyingine, Defender hukaa kando, kwa sababu mbili zikikagua faili moja kwa wakati mmoja huzuiana na mashine huwa nzito. Muda ukiisha bila kulipiwa, ile ya majaribio hubaki imekaa pale pale, na wewe unadhani umelindwa. Iondoe: fungua "Settings", nenda "Apps", itafute jina, bonyeza "Uninstall", kisha washa kompyuta upya. Ikigoma kutoka, kampuni zenyewe zina programu za kuiondoa. Ya McAfee huitwa MCPR.

Sasa ukaguzi wenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows, andika "Windows Security", ufungue, kisha ingia "Virus & threat protection". Chini ya "Manage settings" hakikisha "Real-time protection" na "Tamper Protection" zimewashwa. Hii ya pili huzuia kirusi au programu nyingine kubadilisha mpangilio kwa siri. Shuka hadi "Exclusions" uisome orodha. Kwa kompyuta ya nyumbani inafaa iwe tupu. Rudi nyuma, tafuta "Protection updates", usome tarehe. Microsoft hutoa masasisho ya kinga mara kadhaa kwa siku, kwa hivyo tarehe ya wiki mbili nyuma ni dalili ya tatizo.

Na tatizo hilo kwetu lina sababu inayojulikana: bando. Wengi tunaunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu, na tumewasha alama ya Windows ya kubana intaneti, "Metered connection", ili bando lisiishe. Ukiiwasha, Windows huzuia sehemu kubwa ya masasisho yake. Usiiache hivyo miezi. Mara moja kwa wiki tafuta Wi-Fi, izime alama hiyo, ubonyeze "Check for updates". Aliye mbali na intaneti anaweza kuletewa sasisho la kinga kama faili moja liitwalo mpam-fe.exe. Lichukuliwe kwenye tovuti ya Microsoft pekee, na uchague la 64-bit ikiwa Windows yako ni ya 64-bit. Linapita MB 100.

Windows yenyewe nayo ina umri. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, na kwa mashine zenye prosesa za Intel, karibu zote ziwe za kizazi cha nane au zaidi. Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Kenya ni za kabla ya hapo, kwa hivyo muulize muuzaji kabla ya kutoa pesa. Antivairasi haizibi tundu la Windows, yaani kasoro ambayo kirusi hupitia. Mnamo Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu moja. Mei mwaka huo huo kirusi WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo katika mashine ambazo hazikusasishwa, zikiwemo za hospitali nyingi za Uingereza.

Tuje kwenye flashi. Flashi moja hutoka nyumbani, ikapita duka la kupiga chapa, ikaenda shule, ikarudi. Kirusi cha flashi huficha folda zako za kweli, kikaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibonyeza mara mbili, kwanza kinajiendesha, halafu kinakufungulia folda usishuku. Dalili ni kishale kidogo kwenye picha ya folda. Ukikiona, usiibonyeze. Bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia, chagua kuiskani kwa Microsoft Defender, usubiri imalize. Kisha fungua "Command Prompt", dirisha la kuandikia amri. Ikiwa flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitaonekana tena. Usiiformati kabla ya hapo, maana kwa kawaida mafaili bado yamo, yamefichwa tu. Kirusi kikirudi kila ukiiskani, basi kimo ndani ya kompyuta. Katika "Scan options" chagua ile ya "Offline". Mashine itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa kiasi cha dakika 15. Hifadhi kazi zako kwanza, na uchomeke chaji.

Wapo wanaofaa kununua: mwenye nyumba ya wageni aliye na kompyuta tatu nne na hana wa kumsaidia, au mzazi anayetaka udhibiti wa watoto na msaada kwa simu. Usichague kwa tangazo. Tazama matokeo ya AV-TEST ya Ujerumani au AV-Comparatives ya Austria. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa urahisi wa kutumia, jumla 18. Defender imefikia 18 mara nyingi. Mwenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ya GB 4 aangalie sana alama ya wepesi. Soma pia bei ya mwaka wa pili, kwani ya kwanza huwa ya kuvutia na pesa hukatwa zenyewe kwenye kadi yako ya benki. Na ya bure isikupumbaze: mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake.

Onyo linalochomoza pembeni ya skrini likisema antivairasi yako imekwisha, lipa sasa, mara nyingi ni tovuti uliyoiruhusu kutuma arifa. Katika Chrome ingia "Settings", "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", uifute. Usilipe hata shilingi.

Pesa uliyotaka kununulia antivairasi, nunua diski ya nje. Nakili hati za shamba, picha za harusi na hesabu za jahazi, kisha ichomoe, kwa sababu kirusi cha kufunga mafaili hufunga na diski iliyochomekwa.

Sasa wenye laptopu, fungueni "Windows Security" tusome tarehe na ile orodha ya "Exclusions". Ambaye tarehe yake imepita wiki, aje meza ya mbele. Waya wa intaneti upo.